Buibui kaa juu ya kishona nguo: jinsi ya kumtambua Thomisus hapa Nairobi

Ukiona nyuki ametulia juu ya ua kupita kawaida ya nyuki, inama umwangalie. Nyuki hana muda wa kupumzika kazini. Akikaa dakika nzima bila kuhama, mabawa yamelegea upande mmoja, ujue kuna aliyemshika shingoni. Mara nyingi aliyemshika ni buibui mweupe au wa manjano, mfupi na mpana, mwenye miguu mirefu ya mbele inayofunguka kando kama ya kaa wa pwani. Huyo ndiye buibui kaa. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kumpa jina lake bila kubahatisha.

Nimeuandika kwa ajili ya mkazi wa Nairobi mwenye simu, mwenye kipande cha magugu karibu na nyumba, na mwenye hamu ya kujua. Nitakaa zaidi kwenye jenasi ya Thomisus (jenasi ni kundi la spishi, yaani aina, zenye undugu wa karibu), kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi juu ya maua, na ndiyo watu huikosea sana. Makosa mengi yana chanzo kimoja: mtu ameanza na rangi.

Kwanza, weka rangi kando

Niliwahi kutunza picha za buibui wawili kwa majina mawili tofauti, mmoja "yule mweupe" na mwingine "yule wa manjano", wote wa kichaka kimoja nyuma ya nyumba. Kisha nikaamua kumfuata yule mweupe peke yake kila asubuhi. Kumfuata kulikuwa rahisi, kwa sababu mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umekatika katikati. Alihama kutoka maua meupe akaenda kwenye maua ya manjano, akakaa hapo. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, buibui mwenye mguu uliokatika alikuwa wa manjano kama kiini cha yai. Majina yangu mawili yalikuwa ya mnyama mmoja.

Hali hii imechunguzwa sana kwa ndugu yake wa nchi za kaskazini, Misumena vatia. Rangi ya manjano hujengeka katika tabaka lililo chini ya ngozi ya juu. Ikiondolewa, huonekana weupe wa fuwele za kemikali iitwayo guanini zilizo ndani zaidi. Kwa Misumena, kugeuka manjano huchukua kati ya siku 10 na 25, na kurudi weupe huchukua siku 6 hivi. Kwa hiyo rangi uliyoiona leo inakuambia buibui huyu amekuwa akiishi juu ya ua gani siku hizi. Spishi yake haikuambii.

Tena rangi tunayoiona sisi si ile anayoiona nyuki. Mwaka 2003, watafiti Heiling, Herberstein na Chittka walionyesha kwamba Thomisus spectabilis wa Australia huakisi mwanga wa urujuanimno, ambao nyuki huuona na sisi hatuuoni. Buibui yule, ambaye kwetu anaonekana kajificha juu ya ua jeupe, kwa nyuki anang'aa, na nyuki walivutiwa zaidi na maua yenye buibui kuliko yasiyo naye. Tangu nilipojua hilo nimeacha kusema kwamba buibui huyu "anajificha". Andika rangi kwenye daftari lako, ndiyo, lakini usiitumie kumpa jina.

Vifaa

Simu na lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera yake, aina ambayo maduka ya vifaa vya simu katikati ya jiji huuza. Karatasi ya grafu ya wanafunzi, yenye miraba ya milimita moja. Kikopo cha plastiki kinachopenyeza mwanga, chenye mfuniko bapa. Kipande cha sifongo kinachoingia ndani ya kikopo hicho. Penseli na daftari. Mwavuli, ikiwezekana wa rangi nyeupe, na matumizi yake nitayaeleza.

Wapi na lini

Huna haja ya kwenda mbali. Kishona nguo kinachoota kando ya ukuta, kile ambacho mbegu zake hukushika suruali ukipita, kinatosha. Mvumbasi ukichanua, mboga za sukuma wiki zilizoachwa zikatoa maua ya manjano, alizeti, mlantana: zote zina wateja wengi wenye mabawa, na penye wateja hapakosi mwindaji. Ukitaka mahali pakubwa zaidi, kuna Arboreta ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1907, kuna City Park, na kuna msitu wa Karura wenye zaidi ya hekta 1,000. Mimi siingii Karura bila kumkumbuka Wangari Maathai na wenzake waliopigwa langoni Januari 1999 wakiutetea. Kingo zake zenye magugu, ambako leo tunapekua maua, zingekuwa nyumba za watu.

Msimu mzuri ni wiki zinazofuata mvua kubwa za Machi hadi Mei, na tena baada ya mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, maua yanapokuwa mengi. Saa nzuri ni kati ya saa moja na nusu na saa nne asubuhi. Kuna ubaridi kidogo, buibui wamezubaa, na nyuki ndio wanaanza kuja.

Angalia juu ya ua, kisha chini yake, kisha pale ua linapoungana na kikonyo. Jani lililokunjwa na kushonwa kwa uzi mweupe lifungue taratibu, kidogo tu: huenda ndani mna jike analinda mfuko wake wa mayai, na ukimwona mwache alivyo. Kwa matawi, fungua mwavuli, uugeuze juu chini, uushike chini ya tawi, halafu ligonge tawi mara mbili tatu kwa fimbo. Watakaoanguka ni wengi, na buibui kaa utamjua kwa anavyokwenda ubavu ubavu.

Wanairobi wana sababu ya kuogopa vidudu. Kila mvua zikinyesha tunakumbushana habari za yule mbawakawa mwekundu na mweusi aliyepewa jina la mji wetu, ambaye ukimponda juu ya ngozi unaamka na malengelenge. Jirani yangu mmoja alinikuta nimeinama kwenye sukuma wiki zake akauliza, "Kijana, hao nao wana sumu? Niwapulizie dawa?" Nikamwambia, "Hapana mama, waache. Sumu yao ni ya nzi na nyuki, haina madhara kwako." Alisogea, akatazama kwenye kioo cha simu, akasema, "Kumbe ana uso." Hapo hasa ndipo utambuzi unapoanzia.

Anza na uso

Mpige picha ya mbele, usawa wa macho yake, si ya kutoka juu. Picha ya juu ndiyo kila mtu huileta, nayo peke yake husaidia kidogo sana. Kaa chini kabisa, sogeza simu polepole hadi macho yaonekane wazi, piga nyingi, chagua moja.

Macho ni 8, katika mistari miwili ya manne manne. Sasa tazama pembe za uso. Kwa Thomisus, kila upande una kinundu chenye ncha kilichotokeza nje, kama pembe ya mbuzi mchanga inayoanza kuchomoza. Jicho moja la pembeni limekaa mbele ya kinundu hicho na jingine nyuma yake. Ukiyaona macho hayo mawili juu ya kinundu kimoja kilichochongoka, kulia na kushoto, umeshapiga hatua kubwa. Macho ya katikati ni madogo, kama vitone vya wino.

Kama badala ya vinundu unaona ukingo mweupe uliokatiza uso kutoka upande mmoja hadi mwingine, kati ya mistari miwili ya macho, na mwili wenyewe ni mwembamba mrefu, huenda uko kwa Runcinia. Huyo hupenda nyasi na vichwa vya maua vilivyokauka, na huinyoosha miguu yake ya mbele akalingana na bua. Wengi humwita Thomisus, na ukiangalia uso hutarudia kosa hilo.

Kisha mwili

Mgeuze umtazame kutoka juu. Tumbo la jike wa Thomisus ni jembamba mbele na pana nyuma, na kwenye pembe mbili za nyuma kuna vinundu viwili. Ukilichora kwa penseli utapata umbo la trapeza. Jozi mbili za miguu ya mbele ni ndefu na nene kuliko jozi mbili za nyuma, na tofauti hiyo ni kubwa, haihitaji kupimwa. Weka karatasi ya grafu chini yake umpime: jike mzima kwa kawaida huwa kati ya milimita 5 na 10. Dume ni milimita 2 hadi 4, wa hudhurungi, na mara nyingi utamkuta amempanda jike mgongoni, mdogo kiasi kwamba mtu hudhani ni mtoto wake.

Tazama na mawindo. Buibui kaa hatandi utando wa kunasia, wala hamviringishi nyuki kwa uzi. Humuuma karibu na kichwa, kisha hufyonza kupitia tundu hilo dogo bila kumtafuna, kwa sababu taya zake hazina meno ya kusagia. Ndiyo maana chini ya ua lake utaokota nzi na nyuki wanaoonekana wazima, wana mabawa, wana miguu, lakini ukiwabonyeza ni maganda matupu. Nimewahi kumpata buibui kwa kuanzia kwenye maganda hayo na kupanda juu kwa macho, ua baada ya ua.

Wanaofanana naye

Hapa wasomaji wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yule bapa anayekimbia ukutani nyumbani, anayejibanza nyuma ya fremu ya picha na kupotea kabla hujavua kiatu, si wa familia hii. Ni wa Selenopidae, na mstari wake wa mbele una macho sita. Yule mkubwa wa ukutani mwenye miguu mirefu iliyotanda kama kiganja ni wa Sparassidae. Wote wawili huitwa "kaa" na watu kwa sababu ya miguu inayoelekea pembeni, lakini udugu wao na Thomisus ni wa mbali. Mwingine ni yule mwenye miiba migumu mgongoni, mwenye rangi kali, aliyekaa katikati ya utando wa duara: huyo ni Gasteracantha, na utando wenyewe umekwisha kukujibu.

Anayesumbua kweli ni Philodromidae. Zamani alihesabiwa humo humo ndani ya familia ya buibui kaa, baadaye akatengwa. Miguu yake inakaribiana kwa urefu, jozi ya pili ndiyo ndefu zaidi mara nyingi, macho yake yanalingana na hayako juu ya vinundu, naye hukimbia kwa kasi ambayo buibui kaa halisi hana.

Ndani ya familia yenyewe, Thomisidae, kuna wengine utakaokutana nao. Synema ni wa mviringo na anang'aa, tumbo lina michoro myeusi juu ya manjano, nyekundu au nyeupe. Tmarus ni wa rangi ya gome, ana vinundu vya macho pia, ila yeye hulala juu ya kijiti akiwa ameinyoosha miguu mbele, na tumbo lake mara nyingi lina ncha inayoinuka nyuma. Monaeses ni mrefu mwembamba mwenye kama mkia, ukimtazama kwenye nyasi unaona nyasi. Oxytate ni wa kijani, mrefu, wa majani. Ukikwama kati ya Thomisus na Tmarus, tazama alikokaa na umbo la tumbo kabla ya kurudi kwenye macho.

Mzima au mchanga?

Usipuuze hatua hii, kwa sababu bila buibui mzima hakuna jina la spishi. Angalia viungo viwili vifupi vilivyo kando ya mdomo, pedipalpi. Kwa dume mzima ncha zake zimevimba na zina vipande vigumu vyenye ncha na mikunjo, kama kufuli lililofunguliwa. Kwa dume aliyebakiza kujivua gamba mara moja, zimevimba lakini ni laini, hazina kitu ndani. Kwa jike na kwa watoto ni nyembamba.

Jike mzima mtambue kwa chini. Hapa ndipo kikopo na sifongo vinapohitajika. Mtie buibui ndani, funika, ingiza sifongo kutoka upande wa pili na umsukume taratibu hadi tumbo lake liguse mfuniko. Msukumo uwe mwepesi, wa kumzuia asitembee tu. Akiwa msumbufu, mweke kwenye jokofu dakika 5 hadi 10 kwanza. Sasa tazama katikati ya sehemu ya mbele ya tumbo, upande wa chini: jike mzima ana kisahani kidogo kigumu chenye rangi nyeusi au ya kahawia, epigini, ambacho ndicho mlango wa uzazi wake. Asiyekuwa nacho bado ni mchanga. Piga picha hiyo hata kama haivutii, kwa sababu ndiyo mtaalamu atakayokuomba kwanza.

Kufika kwenye spishi

Simu hukufikisha kwenye jenasi. Kwa Thomisus wa Afrika, spishi hutenganishwa kwa umbo la epigini na kwa vijimeno vilivyo kwenye pedipalpi ya dume, chini ya hadubini inayokuza mara 10 hadi 40. Mtafiti Comellini alizipitia spishi za Afrika mwaka 1957, na mwenzake Ansie Dippenaar-Schoeman wa Afrika Kusini akazichambua upya za kusini mwa Afrika mwaka 1983. Michoro ya epigini katika kazi hizo bado ndiyo kipimo. Thomisus citrinellus, kwa mfano, ameenea kutoka Mediterania hadi Afrika, na anaweza kuwa mweupe, anaweza kuwa wa manjano. Mtu anayetaja spishi hiyo kutokana na picha ya mgongo peke yake amebahatisha, hata akipatia.

Jina lenyewe lisome hivi. Familia Thomisidae ilipewa jina na Sundevall mwaka 1833, jenasi Thomisus na Walckenaer mwaka 1805. Ukiona Thomisus citrinellus Simon, 1875, bila mabano, maana yake Simon aliyemweleza mara ya kwanza alimweka katika jenasi hii hii. Ukiona Misumena vatia (Clerck, 1757), mabano yanakuambia spishi ilizaliwa katika jenasi nyingine ikahamishwa. Mwaka huo wa Clerck unawashangaza wanafunzi wa biolojia, kwa kuwa majina ya wanyama wengine huanzia kwa mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Buibui wamepewa ruhusa ya pekee kuanzia kwa Clerck.

Kabla ya kutumia jina lolote, lihakiki kwenye Katalogi ya Buibui wa Dunia, inayotunzwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya Bern, Uswisi, na iko wazi kwenye intaneti. Mwaka 2022 ilivuka spishi 50,000. Huko utaona kama jina ulilopata kwenye kitabu cha zamani bado linatumika au limeunganishwa na jingine.

Ukifika kwenye jenasi ukakwama, andika Thomisus sp. (yaani spishi fulani ya Thomisus) na uishie hapo. Ukiwa na epigini inayolingana na mchoro lakini hujathibitisha, andika Thomisus cf. citrinellus, yaani linganisha na citrinellus. Rekodi ya namna hiyo itamfaa mtu baada ya miaka ishirini. Jina la uongo litamgharimu huyo huyo kazi ya kulifuta.

Kuhifadhi kielelezo

Kwa wengi picha zinatosha, na sishauri kuua mnyama kwa ajili ya kujifurahisha. Ikiwa unafanya utafiti, pata kwanza leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vibali vya wanyamapori vinavyohitajika, kisha ongea na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwenye kilima chao karibu na barabara ya kwenda Westlands, kabla hujaenda uwanjani. Kielelezo huwekwa ndani ya ethanoli ya asilimia 70 hadi 75. Kikitakiwa kwa vipimo vya DNA, iwe asilimia 95 au zaidi.

Lebo iingie ndani ya kichupa pamoja na buibui, imeandikwa kwa penseli. Mimi niliandika vichupa vyangu vya kwanza kwa kalamu ya wino ya kawaida, na ethanoli ikaufuta wino wote katika miezi michache. Nilibaki na buibui wazuri kumi na mmoja wasio na mahali wala tarehe, na kisayansi hao hawana thamani. Andika: Kenya, Nairobi, mahali halisi, mwinuko, tarehe, aina ya ua au mmea, njia uliyotumia kumpata, jina lako.

Kama ulimchukua kwa picha tu, mrudishe siku hiyo hiyo kabla jua halijawa kali. Mrudishe kwenye ua lile lile. Fungua kikopo, kilaze kando ya kikonyo, umwache atoke mwenyewe. Atapanda, atageuka kwanza ubavu, kisha ataifungua miguu ya mbele na kukaa.